Maji Yote Huyafunga

Madebe yalisikika kwanza. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashina ya migomba, na Tobia, aliyekuwa akipanda mlima kutoka Lushoto tangu kabla ya jua, alikuwa haoni mbali zaidi ya miguu yake. Mahali fulani mbele yake madebe matupu yalikuwa yakigongwa kwa vijiti, taratibu, kwa mdundo wa watu wanaotembea. Kisha zikaja sauti za wanawake, na ndani ya sauti hizo Tobia akayasikia maneno yake mwenyewe.

Maji yote huyafunga!

Akasimama njiani. Akatabasamu peke yake ndani ya ukungu kama mtu aliyeokota kitu kizuri. Kule Lushoto, kwenye mkutano wa vijana wa wilaya, alikuwa amesimama jukwaani pamoja na watunzi wenye vyeti, walimu, makarani, watu waliofika sekondari. Walimpigia makofi. Lakini makofi yanakwisha mtu akiteremka jukwaani. Kuimbwa na watu wako wakienda kuteka maji ni jambo jingine kabisa. Nani kati ya wale wenye vyeti aliimbwa hivi kwao? Yeye, Tobia, mtu wa darasa la nne, aliyejifunza vina na mizani kwenye vipande vya magazeti ambavyo mwenye duka alifungia sukari!

Akaongeza mwendo. Sauti zikakaribia, na sasa akausikia mshororo mzima.

Kwa Yunisi udongoni, maji yote huyafunga!

Kwa mazoea vidole vyake vilihesabu mizani. Ilikuwa sawa, nane kwa nane. Aliyeubadilisha alikuwa na sikio. Vidole vilipomaliza kuhesabu ndipo maana ilipomfikia. Wameweka jina la mtu mle. Tena wamesema Yunisi tu, hata “Bibi” hawakusema.

Ukungu ulipopungua kidogo akawaona. Walikuwa wamesimama mstari mmoja nje ya uzio wa Bibi Yunis, madebe mikononi, nyuso zimeelekea mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Mbele ya mstari alikuwa binamu yake, Klara, kijiti mkononi kama mwalimu wa kwaya.

“Jamani, mtunzi huyo! Karudi!” Klara akapaza sauti. “Njoo utuongezee beti, hii moja tumeshaichakaza.”

“Mnafanya nini hapa?”

“Tunakwenda bondeni kuteka maji. Chemchemi ya kijiji imekauka, hukusikia huko kwenye makofi yako? Vuli haikuja. Basi kila tukipita hapa tunamsalimia mwenye lile bomba la mtambo.”

“Huku si kusalimia, Klara.”

“Aa! Maneno ni yako, bwana. Sisi tumetia jina tu.”

Wenzake wakacheka. Mama mmoja mtu mzima, nyuma kabisa, hakucheka. Alisema kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, “Anabana shi.” Madebe yote yakanyamaza.

Katika milima ile hayo hayakuwa maneno ya mchezo. Anayebana shi ni mtu anayeiharibu nchi, anayeifunga mvua ili wengine waone njaa. Zamani mtu akiambiwa hivyo alihama usiku na watoto wake.

“Kesho kuna mkutano,” Klara akasema, akijitwisha debe. “Bomba litang’olewa. Na mwenyewe atapelekwa kile kijiji kipya cha ujamaa kule tambarare, akakae na jua lake. Wewe njoo na beti.”

Wakaenda. Ukungu ukawameza, lakini wimbo haukumezwa. Tobia aliusikia mpaka bondeni, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kutunga alitamani wimbo wake usingekuwa mtamu.

*

Bibi Yunis alifungua mlango baada ya kubisha mara nyingi. Alikuwa na ungo wa maharage.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba.” Aliitikia kwa kuwa shikamoo haiachwi bila kuitikiwa. “Umerudi leo? Mimi nilidhani hukuondoka. Kila asubuhi nakusikia.”

Tobia akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, halafu akaona kwamba hakukaribishwa, akasimama tena.

“Ulipokuja kuniomba shamba,” bibi akasema huku akipepeta, “uliniambia yule bwana wa mtambo atafanya nini?”

“Atapima maji yaliyomo ndani ya udongo, Bibi.”

“Atapima?”

“Ndiyo. Atapima.”

“Basi nani aliimba kufunga?”

Maharage yalirushwa hewani, yakarudi kwenye ungo. Tobia aliyatazama hayo maharage kama yangemjibu kwa niaba yake.

Ilikuwa kweli kwamba yeye ndiye aliyemshawishi. Bwana huyo wa mtambo alikuwa akitafuta shamba lililo chini ya ile mikaratusi iliyopandwa ukingoni mwa msitu wa Magamba, na wenye mashamba wote walikataa. Walikumbuka enzi za Mwingereza, jinsi wapimaji walivyokuja kwa upole na vijiti vyao, na nyuma yao yakaja matuta ya kulazimishwa. Bibi Yunis peke yake alikubali, kwa sababu alikuwa na swali lake. Tangu miti ile ikue, chemchemi iliyo nyuma ya nyumba yake, aliyoonyeshwa siku alipoletwa pale akiwa bibi harusi, ilikuwa ikipungua mwaka hata mwaka. Alitaka kujua kama ni miti inayokunywa. Akiwa na jibu la serikali mkononi angewaambia watu wa misitu waikate.

“Nilitaka mtambo useme ni miti,” bibi akasema. “Sasa watu wanasema ni mimi. Jumapili kanisani nilikaa benchi zima peke yangu, Tobia. Mchungaji anahubiri, na mimi na benchi.”

“Nitazungumza nao, Bibi.”

“Utazungumza nini tena? Ulikwisha kuzungumza.”

Akaingia ndani na ungo wake. Mlango haukubamizwa, ulirudishwa polepole, na upole huo ulimuuma Tobia zaidi ya kubamizwa.

*

Rajabu, yule bwana wa mtambo, alikuwa na hema lake ukingoni mwa msitu. Alikuwa mtu wa Korogwe, mcheshi, asiyependa baridi. Alivaa makoti mawili, moja juu ya jingine. Kisanduku cha mtambo kilikuwa mbali na hema, ndani ya kibanda chenye kufuli, kwa maana alisema vitu vile havilali na watu.

“Bwana mshairi! Umeturudia. Nasikia umekuwa maarufu.”

“Nimekuja unieleze tena,” Tobia akasema. “Ule mtambo. Namna unavyofanya kazi.”

Rajabu akamtazama. “Si ulielewa?”

Naam. Siku ile bomba la alumini lilipozamishwa katika shamba la Bibi Yunis, kijiji kizima kilikuja kutazama. Rajabu alieleza kwa Kiswahili cha haraka chenye maneno mageni, nyutroni, haidrojeni, kasi, kisha akamgeukia Tobia mbele ya watu wote: “Umeelewa, bwana mshairi? Watafsirie wenzio.” Na Tobia, aliyeona macho ya kijiji yote yakimtazama yeye, alijibu, “Nimeelewa kabisa.” Hakuwa ameelewa. Alikuwa amesikia tu kwamba kitu kinatoka kwa kasi, kinakutana na maji, na kuna kufungwa mahali fulani. Hapo hapo, bila kupumua, akaghani beti ambayo alikuwa akiipanga kichwani tangu asubuhi:

Umetua milimani, mtambo mpya wa Tanga,
Hushuka mle bombani, chembe kasi hujigonga,
Zikifika udongoni, maji yote huyafunga,
Enyi wana wa shambani, taifa letu twajenga!

Watu walipiga vigelegele. Mwenyekiti, Mzee Mbaraka, alimshika mkono. Wiki iliyofuata akapelekwa Lushoto.

“Sikuelewa,” Tobia akasema sasa. Maneno hayo yalitoka kwa shida kama mfupa wa samaki.

Rajabu hakucheka, ingawa alikuwa mtu wa kucheka. Akachota gololi kwenye kopo alimotunza skrubu zake, akapiga magoti juu ya udongo uliosawazishwa mbele ya hema.

“Tazama. Hii irushe kwenye lile jiwe.”

Tobia akarusha. Gololi ikagonga jiwe, ikaruka pembeni, ikapotelea majanini.

“Imepungua kasi? Haikupungua. Jiwe ni kubwa, gololi inadunda tu, inaendelea na safari. Sasa hii irushe iigonge gololi mwenzake.”

Safari hii gololi iliyogongwa ilichomoka ikaenda, na ile iliyogonga ikabaki palepale, imepooza.

“Umeona? Mwenzake wa uzito uleule ndiye anayeichosha. Nyutroni ni gololi ndogo, ndogo kuliko akili yako na yangu. Mtambo unazitoa kwa kasi zinatawanyika udongoni. Zikigonga mchanga, zikigonga jiwe, zinadunda na kasi yao. Lakini ndani ya maji mna haidrojeni, na chembe ya haidrojeni ni gololi mwenzake. Zikigongana, mwendo kwisha. Zile zilizochoka zinarudirudi pale, kisanduku kinazihesabu: tik, tik. Tiki nyingi, maji mengi. Tiki chache, udongo mkavu. Ndiyo habari yote hiyo.”

“Na maji yanapungua?”

“Hata tone. Maji hayajui kama yamepimwa.”

“Kwa hiyo maji ndiyo…”

“Maji ndiyo yanayozifunga chembe mwendo. Wewe uliimba kinyume. Mimi nilisikia siku ile, nikasema moyoni, labda kwenye mashairi inaruhusiwa.”

“Mbona hukunisahihisha?”

“Uliniambia umeelewa kabisa,” Rajabu akasema.

Akakubali kuja mkutanoni na mtambo wake. Lakini aliweka wazi jambo moja. “Mimi nitawaonyesha kitu. Kuwaambia utawaambia wewe. Mimi mgeni, tena mwenye mtambo. Nikisema mtambo hauna neno watasema natetea ugali wangu. Wimbo ni wako.”

*

Njiani Tobia alijitafutia utetezi, akaupata, tena ukampendeza. Angesimama na kueleza kwamba utunzi ni sheria ngumu. Mtunzi ana kina cha mwisho, lazima kiwe nga, na ana mizani, lazima iwe nane. Ukweli haukuingia katika mshororo, vina vilimbana. Watu wangeelewa. Huenda hata wangemheshimu zaidi kwa kujua jinsi kazi ile ilivyo nzito.

Akaanza kujaribu vidoleni jinsi ukweli usivyoingia, ili aweze kuwaonyesha. Maji yote… maji yote…

Ma-ji-yo-te-hu-zi-fu-nga.

Akahesabu tena. Nane. Akatamka kwa sauti, miti ikasikia: Maji yote huzifunga. Kina ni kilekile. Mizani ni ileile. Ya ilikuwa zi. Silabi moja, nayo ingekaa pale bila kusumbua mtu. Mtambo haufungi maji. Maji ndiyo yanayozifunga chembe. Ushairi haukumbana hata kidogo. Ushairi ulikuwa umemwachia mlango wazi, na yeye akapita dirishani kwa sababu hakutaka kuuliza.

Alikaa juu ya kisiki cha mkaratusi akakaa. Halafu akajiambia: nani kijijini anayejua mizani? Nani atahesabu? Vina vilinibana, nitasema hivyo, na bibi atapona vilevile. Kwa nini nijivue nguo zote wakati kuvua koti kunatosha?

*

Mkutano ulifanyika kwenye kiwanja cha shule. Watu walijaa, Waislamu kwa Wakristo, wengine na majembe yao kwa kuwa walitoka moja kwa moja kwenye shamba la ujamaa. Mzee Mbaraka alikaa kwenye meza ya mwalimu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuulizwa kuhusu mvua. Bibi Yunis alikaa kwenye nyasi, na nyasi zilizomzunguka zilikuwa tupu kama lile benchi. Rajabu alikuwa amesimamisha pipa tupu katikati ya kiwanja, na ndani ya pipa bomba la alumini kama lile la shambani.

“Ndugu wananchi,” mwenyekiti akasema, “jambo mnalijua. Kabla hatujaamua, kijana wetu ameomba neno. Tobia, simama. Na usiimbe.”

Watu wakacheka. Tobia akasimama.

“Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Nimekuja kusema kwamba ule mshororo wangu una kasoro. Mtambo haufungi maji. Unayapima tu. Mimi nilijua hivyo, lakini utunzi una sheria zake. Kina lazima kiwe nga. Mizani lazima iwe nane. Nilitafuta namna ya kusema kweli, haikuingia. Vina vilinibana.”

Minong’ono ikapita. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. “Kazi ngumu kumbe,” akasema. Mwingine akasema, “Ndiyo maana mimi siimbi.” Mwenyekiti akaanza kufunua mdomo kuendelea na mkutano, na Tobia akageuka kurudi alipoketi. Imepita, akajiambia. Imepita.

“Samahani, mwenyekiti.” Alikuwa Klara. Alikuwa ameketi kando ya debe lake lililojaa maji, mguu mmoja juu ya mwingine. “Binamu, hiyo kweli iliyokataa kuingia ni ipi? Tuambie tu kwa maneno ya kawaida.”

“Kwamba… maji ndiyo yanayozifunga chembe.”

“Yanazifunga.”

“Ndiyo.”

Klara akainamisha kichwa. Kijiti chake kikagonga ubavu wa debe, taratibu. Kisha akaimba, peke yake, kwa ile sauti yake ya kwaya ya kanisani: “Zikifika udongoni, maji yote huzifunga.” Akaimba tena. Kisha akainua uso. “Mbona imeingia?”

Kicheko kikaanza upande wa wanawake, kikavuka, kikafika kwa wazee, na hata yule aliyemwonea huruma akajipiga paja. “Imeingia kabisa! Haikubanwa!” mtu akapiga kelele. “Mtunzi amebanwa na nini basi?”

Tobia alisimama katikati ya kicheko kile, mikono haina pa kwenda. Jana alidhani ameshafika chini kabisa. Kumbe chini kulikuwa na ngazi nyingine. Alipotupa macho pembeni akamwona Bibi Yunis. Yeye hakucheka. Alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu anayengoja kuona kama debe linavuja au halivuji.

“Sikubanwa,” Tobia akasema.

“Hatusikii!”

“Sikubanwa!” Sauti yake ilipanda ikavunjika. “Nilikuwa najua tangu jana kwamba inaingia, na nimesimama hapa nikawadanganya tena. Siku ile bwana Rajabu aliponiuliza kama nimeelewa, sikuwa nimeelewa chochote. Niliona mnanitazama. Niliona aibu kumwomba arudie. Nikaweka neno lililokuwa kubwa masikioni, nikawaachia. Huyu bibi hakufunga mvua. Hakuna kitu shambani kwake kinachofunga mvua. Hata lile shamba ni mimi niliyemwomba. Kama kuna mtu wa kuhamishwa kwa maneno yale, mwenye maneno ni mimi hapa.”

Hakuna aliyecheka sasa. Ilikuwa afadhali wangecheka.

Mzee Mbaraka akakohoa. “Maneno tumeyasikia. Lakini maneno hata juzi tuliyasikia, tena yakiwa na vina. Mimi nitajuaje kwamba leo ndiyo kweli?”

“Kwa pipa,” Rajabu akasema. “Naomba maji tu. Mjaze, tupige alama ya chaki maji yalipofika, nishushe mtambo, kisha mwenye maji achukue maji yake.”

Hakuna aliyesogea. Maji yale yalikuwa yamebebwa kichwani kutoka bondeni, na nani angeyamwaga kwenye kinywa cha kitu kilichoimbwa hivyo? Bibi Yunis akainuka. Alikuwa amekuja na kibuyu kidogo, maji ya ile chemchemi yake inayokufa, akayamimina yote ndani ya pipa. Yalifunika chini tu.

Klara akatazama kibuyu kile kitupu. Akasema jambo kwa Kishambaa ambalo Tobia hakulisikia vizuri, akanyanyua debe lake akamwaga. Baada yake wakaja wengine, mpaka pipa likakaribia kujaa. Mwenyekiti mwenyewe akapiga alama ya chaki. Rajabu akachora mstari ardhini kwa kiatu, akawaambia wote warudi nyuma yake kwa kuwa chembe zile si za kuchezea, akaweka kisanduku juu ya bomba.

Kwanza kipimo kilichofungwa kwenye waya akakiacha juu, hewani. Tik. Kimya. Tik.

Kisha akateremsha waya, na kipimo kilipofika mahali palipo na maji, kisanduku kikaanza kulia haraka, haraka zaidi, mpaka tiki zikashikana zikawa mlio mmoja, ule mlio wa mvua kubwa inapoanguka juu ya bati. Mwaka ule usio na mvua, watu wote walitazama juu bila kujua kwamba wametazama. Mzee mmoja akavua kofia.

Rajabu akavuta waya. Kimya. Mwenyekiti akasogea hadi pipani, akainama, akapitisha kidole kwenye chaki. Maji yalikuwa palepale.

“Hayajafungwa,” akasema.

“Na ile mikaratusi ndiyo inayoyanywa?” Bibi Yunis akauliza. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

“Sijui bado, Bibi,” Rajabu akajibu. “Nitajua nikipima chini ya miti na shambani kwako mpaka kiangazi kipite. Bomba likibaki.”

“Litabaki,” Mzee Mbaraka akasema, bila kupiga kura. “Na mwenye shamba atabaki. Mkutano umekwisha. Chukueni maji yenu.”

Klara alichota debe lake likajaa. Alipompita Tobia hakumtania, na kutotaniwa na Klara kulikuwa adhabu ngeni.

*

Alimfuata Bibi Yunis mpaka kwenye uzio wake. Ukungu ulikuwa unarudi kutoka msituni. Bibi alitembea mbele, kibuyu kitupu kwapani, na hakugeuka mpaka alipofika pale ambapo wanawake walikuwa wakisimama asubuhi. Majani yalikuwa yamelala kwa kukanyagwa.

“Bibi, nisamehe.”

“Umesema vizuri mkutanoni,” akasema. “Mara ya pili. Mara ya kwanza nilitaka kukurushia kibuyu.”

“Bora ungenirushia.”

“Mkutano ni wa leo, Tobia. Wimbo unakaa. Watoto hawakuwapo kiwanjani. Jana kitoto cha jirani, hakijajua hata kufunga kamba ya kaptura, kilikuwa kinachunga mbuzi kikiniimba. Hakijui mimi nimefanya nini, kinapenda mdundo tu. Kitakua, kitaoa, kitaimba. Mimi nitazikwa na mshororo wako.”

Kutoka ng’ambo, ndani ya ukungu, kama aliyeitwa kushuhudia, mtoto mmoja alikuwa akiimba kweli. Hakukuwa na ubaya katika sauti ile. Kwa Yunisi udongoni… Wote wawili wakasikiliza mpaka mwisho, mpaka lile neno. Tobia aliinamisha uso. Hakuna shairi lake lililowahi kukaririwa vizuri namna ile.

“Wewe unajua kuutengeneza,” bibi akasema. “Kuuondoa unajua?”

Alifikiri. Zamani, yaani juzi, angejibu kabla ya kufikiri.

“Hauondoki,” akasema. “Naona utaimbwa tu. Labda ubadilishwe ukiwa mdomoni mwao.”

“Nani atabadilisha? Utawaita mkutano kila siku?”

“Wanapita hapa kila asubuhi na madebe.”

Bibi akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Lushoto. “Ni wanawake wanaopita hapa. Mwanamume mzima, mtunzi wa wilaya, utajitwika debe ukifuatana nao? Watakucheka mpaka bondeni, na mpaka kurudi. Utaona haya.”

“Tayari naona.”

“Siku moja utaweza. Siku ya pili utaumwa mguu.”

Tobia akavua kofia. Ng’ambo kule, mtoto alikuwa ameanza tena kutoka mwanzo. Akangoja amalize, kisha akasema kwa sauti ambayo jirani na mtoto wake wangeweza kuisikia:

“Bibi Yunis, kesho asubuhi nitakuwa hapa kabla yao, na debe kichwani. Nitatangulia mbele, nitaimba ‘maji yote huzifunga’, na jina lako sitaliweka. Nitaimba kesho, na kesho kutwa, mvua ikija na isipokuja, wakinicheka na wakichoka kunicheka, mpaka siku utakaposikia mtoto yule akiimba zi mahali pa ya. Nakuahidi.”